Mathe Aliandikwa "Nyingine": Historia ya Jedwali Linaloifunza Simu Kuuliza Maswali

Mathe wangu huuza njahi, ndengu na maharagwe pale Gakoromone. Hana duka. Hana kibanda. Ana magunia manne, turubai, gorogoro mbili, na mahali pake chini ambapo kila mtu sokoni anajua ni pake. Hiyo kazi ndiyo ilinisomesha, na ndiyo ilinilipia karo ya chuo hadi mwaka wa pili, pesa zilipokatika nikarudi nyumbani.

Niliporudi nikapata kibarua cha siku kumi cha kuzunguka soko na simu nikihoji wafanyabiashara. Shirika silitaji. Tulipewa fulana, kofia na simu yenye fomu ndani. Unauliza, unabonyeza, unasonga kwa swali linalofuata. Siku ya tatu nikafika kwa mathe. Nikamsalimia kama simjui: "Muga, mama." Akacheka, akakaa vizuri juu ya gunia, akaanza kujibu kama mtu anahojiwa kwa redio.

Swali la sita lilisema: Unafanya kazi gani? Chaguo zilikuwa mkulima, mwenye duka, mwenye kibanda, mwajiriwa, hana kazi, nyingine. Nikamsomea zote.

"Sasa mimi ni gani hapo?"

Nikatafuta tena juu hadi chini. Nikabonyeza "Nyingine".

Fomu ikaruka. Maswali ya mtaji, ya mkopo, ya ushuru wa soko, ya mvua ikinyesha bidhaa unaziweka wapi, yote yalikuwa yamefungiwa wenye duka na wenye kibanda. Simu ikanipeleka moja kwa moja hadi kwa "Asante kwa muda wako". Mathe na miaka yake yote sokoni, dakika tatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi hao hawakuja kwangu," akasema, akageukia mteja.

Jioni nikamwambia msimamizi wetu. Akasema hiyo iko kwa sistemu. Lakini alikuwa amefungua laptopu yake, na nikaona hiyo "sistemu" kwa macho yangu. Nilikuwa nimetarajia skrini nyeusi yenye herufi za kijani, vile tunaona kwa filamu. Ilikuwa Excel. Maswali yamepangwa mstari kwa mstari, na zile chaguo sita zilikuwa mistari sita. Kuongeza wa saba ungechukua muda mfupi kuliko kuandika "sasa" kwa WhatsApp.

Alikataa kuongeza. Alisema tumeshahoji watu siku tatu, na tukibadilisha chaguo katikati, majibu ya mwanzo na ya mwisho hayatalinganishwa vizuri. Kusema ukweli, hapo hakukosea. Kosa lilifanyika kabla sisi hatujavaa fulana, siku mtu fulani alipoketi mbele ya jedwali tupu akaandika kazi anazozijua yeye.

Ndiyo nikaanza kuchimba. Nani aliamua kwamba simu inaweza kufundishwa maswali kwa Excel? Kumbe hii historia imepita Kenya mara kadhaa, na wengi wetu hatujawahi kusimuliwa.

Tumezoea kujibu

Kabla ya simu, rudi nyuma kidogo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye alijaza mshahara na tarehe ya kuacha kazi. Mwenye kikebe hakuchagua hata nafasi moja ya ile karatasi. Alibeba tu.

Sisemi fomu ya simu ni kipande. Nasema tu kwamba Kenya ina historia ndefu ya kujazwa katika fomu ambazo wajazwaji hawakuziandika. Shikilia hilo, tutarudi.

Kutoka karatasi hadi simu

Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Ilikuwa kazi ya ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na ushirikiano huo ukakua mpango mkubwa wa HIV unaoitwa AMPATH, na ukafika hatua ya kutuma washauri nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya, wakipima watu na kuandika majibu. Mwanzoni walitumia vile vikompyuta vya mkononi vya kubonyeza kwa kijiti cha plastiki.

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea mbali na hapa. Oktoba, simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni Marekani. Na mwaka huohuo profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Gaetano Borriello, akiwa likizo ya utafiti kule Google, akaanzisha mradi wa kuitumia simu ya aina hiyo kukusanya data mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha. Mradi ukaitwa Open Data Kit, kwa ufupi ODK. Wanafunzi wake, akiwemo Yaw Anokwa na Carl Hartung, wakaujenga. AMPATH ikawa kati ya wa kwanza kuutumia kwa kazi halisi, na wale washauri wa nyumba kwa nyumba wakahamia Android. Yaani kabla ya simu ya IDEOS kuletwa Kenya mwaka 2011 kwa bei ya chini ya shilingi 10,000, ile ambayo kaka na dada zetu wakubwa walianzia Android, kuna watu walikuwa tayari wanatembea vijijini magharibi mwa Kenya na fomu ndani ya Android.

Ujanja wa ODK ni kwamba programu yenyewe haijui maswali yako. Ni kama debe tupu. Unaipa faili ya maelekezo, ikaisoma, ikajua iulize nini, kwa mpangilio gani, ikubali jibu gani na iruke wapi. Ukibadilisha faili, simu ileile inageuka kuwa ya kupima maji, ya kuhesabu ng'ombe, au ya kuhoji mama wa njahi.

Faili iliyotesa watu

Hiyo faili ya maelekezo huandikwa kwa XML, mtindo uliowekwa na W3C, shirika linalosimamia kanuni za wavuti, mwaka 1998. Juu ya XML likajengwa toleo maalumu la fomu, XForms, likapitishwa rasmi mwaka 2003. Wazo lilikuwa vivinjari vyote vya wavuti viitumie. Vivinjari havikuitaka. XForms ingekufa kifo cha kimya, lakini watu wa simu za afya, wengi wao wakifanya kazi Afrika, wakaiokota wakaifanyia toleo lao dogo. Kiwango kilichokataliwa na kompyuta kubwa kikapata maisha kwa simu za vijijini. Hiyo sehemu huwa inanifurahisha.

Shida ni kuiandika. Swali moja tu la jina, katika sehemu ya kuonyesha, linakaa hivi:

`<input ref="/data/jina"><label>Unaitwa nani?</label></input>`

Na hapo hujamaliza. Swali hilohilo lazima uliandike tena sehemu ya kuhifadhi jibu, kisha tena sehemu ya sheria, kusema jibu ni maneno au nambari, ni la lazima au si la lazima. Mahali patatu kwa swali moja. Sasa piga hesabu ya maswali 80. Ukisahau kufunga alama moja, fomu nzima inakataa kufunguka. Daktari anayejua nini cha kuuliza hawezi kuiandika. Anayeweza kuiandika hajui nini cha kuuliza. Hivyo kila swali jipya lilipitia kwa mtu wa kompyuta, na foleni ikawa ndefu.

Jedwali linaingia

Hawa watu wa afya na kilimo walikuwa tayari wanaandika maswali yao mahali fulani: kwa jedwali. Majedwali ya kompyuta yana umri wa wazazi wetu. VisiCalc ilitoka 1979, Lotus 1-2-3 ikatoka 1983, Excel 1985. Kila ofisi inayo, kila saiba inayo. Mtu anaandika maswali Excel, anamtumia mtaalamu, mtaalamu anayahamisha kwa XML kwa mkono. Sasa kwa nini huo uhamisho usifanywe na programu?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika maabara ya Vijay Modi pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Andrew Marder na Alex Dorey wakafanya hivyo. Chuo hicho hakikuwa kigeni huku. Taasisi yake ya Earth Institute ndiyo ilikuwa mbele ya Vijiji vya Milenia, mradi uliojulikana Kenya kupitia Sauri, upande wa Siaya. Programu ya kwanza ya kubadilisha ikaitwa xls2xform. Baadaye ikaandikwa upya kwa lugha ya Python ikaitwa pyxform, na mtindo wa kuandika maswali kwa jedwali ukapata jina XLSForm.

Na hapa Nairobi inaingia. Hadi mwaka 2018, walioitunza pyxform kwa sehemu kubwa walikuwa Ona, kampuni yenye ofisi Nairobi. Kutunza ni ile kazi haionekani: mtu wa Nepal analalamika fomu yake imekataa, wewe unatafuta kwa nini, unarekebisha, unatoa toleo jipya. Programu yenyewe ni huria, yeyote anaweza kuisoma na kuitumia bure. Leo inaendelea kutunzwa na ODK. Mtindo huohuo wa jedwali unakubaliwa na SurveyCTO na KoboToolbox. Hiyo ya mwisho ilianzishwa na watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham, waliokuwa wamehoji watu walioishi ndani ya vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo.

Kwa hivyo ukiona kijana na simu mlangoni kwenu akiuliza mna mabati au nyasi, kuna uwezekano mzuri kwamba maswali yake yalizaliwa Excel, yakapita kwa mashine ambayo kwa miaka ililishwa na kusafishwa na watu wa Nairobi.

Inafanyaje kazi

Nakuonyesha, kwa sababu hii kitu inaogopesha bila sababu.

Faili moja ya Excel, laha mbili za msingi. Ya kwanza inaitwa "survey", na kila mstari ni swali moja. Safu ya "type" inasema ni swali la aina gani, safu ya "name" ni jina fupi la kompyuta, safu ya "label" ni maneno atakayosoma mtu. Laha ya pili inaitwa "choices", na huko ndiko zinakaa chaguo zote, kila chaguo mstari wake.

Swali lililomtupa mathe nje lilikuwa mstari mmoja wa aina hii:

`select_one kazi | kazi_yake | Unafanya kazi gani?`

Na kule kwa "choices", jibu ambalo halikuwepo lingekuwa hivi:

`kazi | mchuuzi | Ninauza chini, sina kibanda`

Umeona? Huo ndio mstari wote.

Kuna safu nyingine inaitwa "relevant". Hiyo ndiyo husema swali hili litokee lini, kwa mfano "kama kazi_yake ni duka". Ndiyo iliruka maswali ya mathe. Hakuna aliyeketi akasema tuwafungie wachuuzi nje. Mtu aliandika sharti kwa kiseli kimoja, simu ikatii.

Ukimaliza, unaipakia. Pyxform husoma jedwali, kwanza inaligeuza kuwa mpangilio wa tabaka, kitu ndani ya kitu, swali ndani ya kundi la maswali. Kisha kutoka hapo inatoa XML: ile kazi ya mahali patatu inajiandika yenyewe. Na kuna kichekesho kidogo. Faili ya .xlsx, ile tunatumia tangu 2007, ukiipekua ndani ni furushi la faili za XML zilizobanwa kwa zip. Yaani ni XML inageuzwa kuwa XML. Tofauti ni kwamba ya kwanza inasema "kiseli hiki kina maneno haya", na ya pili inasema "uliza hivi, kubali hivi, ruka pale". Mashine imesoma mpangilio, ikaupa maana.

Jedwali nalo lina tabia zake

Sitakudanganya kwamba Excel ni malaika. Andika nambari ya simu inayoanza na 07 kwa kiseli cha kawaida uone: sifuri inapotea, kwa sababu Excel imeamua hiyo ni hesabu. Umewahi kutuma pesa za chama ukitumia orodha kama hiyo? Basi unajua.

Wakubwa pia wameumia. Kuna jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1. Excel ilikuwa inazigeuza kuwa tarehe, Machi mosi na Septemba mosi, hadi mwaka 2020 wanasayansi wakaamua ni rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kupigana na Excel. Mwaka huohuo, Uingereza ilipoteza karibu visa 16,000 vya korona katika ripoti kwa siku kadhaa, kwa sababu data ilikuwa inahamishiwa kwa faili ya mtindo wa zamani wa Excel ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikakatwa bila kelele. Waliokuwa karibu na hao wagonjwa hawakufuatiliwa kwa wakati.

Hizo hadithi huwa zinasimuliwa kama vichekesho vya kompyuta. Mimi nikizisikia namkumbuka mathe. Nambari iliyokatwa mwisho wa jedwali na mama aliyetupwa kwa "Nyingine" wamepatwa na kitu kimoja. Jedwali halikuwa na mahali pao, na halikulalamika. Ripoti ikatoka safi kabisa.

Mlango uko wazi, tumeingia wangapi?

Hapa ndipo nataka tubishane kidogo.

Watu wengi wakisimulia hii historia wanaishia kwa ushindi: zamani ulihitaji mtaalamu wa programu, sasa unahitaji Excel tu, kila mtu ana uwezo. Ni kweli nusu. Kugeuza jedwali kuwa faili ya maelekezo kuliondoa ufundi mgumu katikati. Lakini ukiondoa ufundi, kinachobaki ni uamuzi. Nani anaorodhesha kazi? Nani anaamua kibanda ni cha kuulizwa na gunia si la kuulizwa? Zamani mtu angeweza kusingizia kwamba programu ndiyo ngumu. Leo mstari mmoja haupo kwa sababu hakuna aliyefikiria kuuweka, na kisingizio kimeisha.

Na sisi tunasaidia hilo kuendelea. Vijana wa hapa ndio tunabeba simu. Tunajua chaguo hazitoshi, tunabonyeza "Nyingine" mara arobaini kwa siku, tunachukua doo ya siku, tunaenda nyumbani. Nilifanya hivyo. Hata kwa mathe wangu mwenyewe nilifanya hivyo. Tunaamini kuuliza ni kazi ya watu wenye digrii, kwetu ni kubonyeza. Kikebe cha chuma hakiko shingoni tena, lakini mazoea yamebaki.

Baada ya kile kibarua nilienda saiba na bando yangu, nikajifundisha XLSForm. Sijui kuandika programu. Ilinichukua wikendi moja, na nusu ya hiyo wikendi niliimaliza nikitafuta kosa ambalo lilikuwa nafasi tupu ndani ya jina la swali. Kisha nikaandika fomu yangu ya maswali ya soko, kwa sababu wachuuzi wa upande wa mathe walikuwa wanataka kuomba mahali pa kuwekea bidhaa mvua ikinyesha, na walitaka kwenda na kitu mkononi.

XLSForm inakuruhusu kuongeza safu ya "label" kwa kila lugha unayotaka, na mwenye simu anachagua. Nikaweka Kiswahili, nikaweka Kimeru. Nikampelekea mathe asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alinisahihisha Kimeru mahali pawili. Kisha akasema swali la mtaji nimeliuliza vibaya. Hakuna mchuuzi ataniambia ana pesa ngapi, nimuulize gunia moja linamchukua siku ngapi kuisha. Kisha akauliza mbona sijaweka wale wanaouza asubuhi tu, halafu mchana wanaenda shamba. Nikafungua laha ya "choices". Nikaongeza mstari.

Ombi lao bado halijajibiwa, na sina hakika litajibiwa. Na kwa ile data ya kwanza, kule ilikoenda, mathe bado ni "Nyingine". Hiyo siwezi kuifuta.

Lakini ukiwa na kibarua kama kile, omba kuona lile jedwali kabla ya siku ya kwanza, wakati kuongeza mstari bado hakuharibii mtu hesabu. Lisome ukiwa na mtu mmoja unayemjua akilini, mama yako, fundi wa boda wa mtaani, yeyote, ujibu kwa niaba yake kutoka juu hadi chini. Akifika kwa "Nyingine" mapema sana, sema. Wakikataa, utakuwa umesema. Mimi nilisema siku ya tatu jioni, na siku ya tatu ilikuwa kuchelewa.